Jengo Jipya Mji Mkongwe: Kipimo Kabla ya Nakshi

Chumba katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kinaweza kurefuka kutoka ukuta wa barabarani hadi ukuta wa nyuma, lakini upana wake mara nyingi hauzidi mita tatu. Upana huo uliamuliwa na mkoko. Dari zilibebwa na boriti zilizokatwa kwenye mikoko ya pwani, na boriti ikivutwa zaidi ya hapo hulemewa na mawe, udongo na chokaa vilivyotandazwa juu yake. Majahazi yalizipakia boriti hizohizo kutoka Rufiji na Lamu kwenda Oman na Ghuba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za huko navyo ni vyembamba.

Msanifu anayepewa kazi ya kuchora jengo jipya la biashara ndani ya mji huu angefanya vyema kuanza na boriti kabla hajafika kwenye mlango wa nakshi. Chumba chembamba ndicho kilichozaa nyumba yenye kuta za nusu mita na zaidi, na nyumba hizo, zikiegemeana bega kwa bega, zikazaa vichochoro ambamo jua hufika ardhini kwa muda mfupi tu. Wawekezaji wengi huamini kwamba wakiweka mlango wenye miiba ya shaba na matao mawili matatu, watakuwa wameuheshimu mji. Mlango ni jambo la mwisho. Kinachoufanya Mji Mkongwe kuwa Mji Mkongwe ni kipimo: upana wa kiwanja, kimo cha ukuta, hatua kati ya mlango mmoja na wa pili, na kama nyuma ya milango hiyo bado kuna watu saa tatu usiku.

Mji huu, wenye ukubwa wa hekta 96, uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imeunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mwaka 1994 ukakamilika mpango wa uhifadhi ulioandaliwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, kazi iliyoongozwa na msanifu Francesco Siravo. Mpango ule haukukataza kujenga. Uliyapanga majengo kwa umuhimu wake, ukaweka masharti kwa yatakayokuja. Tangu hapo utalii umekua, ardhi imepanda bei, na swali ambalo zamani lilikuwa la wataalamu wachache limekuwa la kila mwenye fremu: jengo jipya la biashara likija, lije vipi?

Wapo wanaojibu kwamba lisije kabisa. Wanautaka mji ubaki kama ulivyo, na uchungu wao unaeleweka, kwa sababu wameona mengi yakibomoka. Lakini mji huu haukuwahi kusimama. Beit al-Ajaib, jumba ambalo picha yake iko kwenye kila kitabu cha utalii cha Zanzibar, lilikuwa kitu kigeni kabisa Sultani Barghash alipolijenga mwaka 1883. Nguzo zake ni za chuma kilichosubuliwa, roshani zake ni pana kuliko chochote kilichotangulia, na ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na lifti. Hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara ya Mizingani, tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati mwaka 1887, ikakamilika mwaka 1894 baada ya yeye mwenyewe kufariki. Roshani zake za mbao zilizochongwa zimechukua mtindo wa Bara Hindi na wa Ulaya na kuuleta pwani ya Afrika. Hakuna hata moja kati ya majengo hayo mawili lililojaribu kujifanya kuukuu.

Baada yao akaja J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyesomea usanifu majengo. Mahakama Kuu ya Vuga ni kazi yake, na Jumba la Makumbusho la Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lililofunguliwa mwaka 1925, pia ni lake. Sinclair alipenda kuba, matao na mapambo ya miji ya Kiislamu ya mbali, akayachanganya kwa namna aliyoona inafaa Zanzibar. Majengo yake ni mazuri, na leo ni sehemu ya urithi. Ila nyumba ya Mwarabu wa Unguja haikuwa hivyo. Kwa nje ilikuwa ukuta mweupe usio na mbwembwe, mlango mmoja mkubwa, baraza ya kukalia chini yake, na uzuri wote ukiwa ndani, kuzunguka ua. Hoteli nyingi zinazojipamba leo kwa matao ya saruji zikidhani zinaiga nyumba ya kale ya Kizanzibari, kwa kweli zinaiga mawazo ya Sinclair, na zinayaiga bila mkono wake.

Hatari hiyo ilitambuliwa na wahifadhi wa dunia zamani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao bado ndio msingi wa taaluma hii, ulisema kwamba kazi mpya inayolazimika kuongezwa kwenye jengo la kale itofautike na ya zamani na ibebe alama ya wakati wake. Mtazamaji asidanganywe. Wawekezaji hawalipendi sharti hili, na baadhi ya wakazi pia hawalipendi, kwa sababu jengo linaloiga huonekana la adabu kuliko linalosema wazi kwamba limezaliwa juzi. Hata hivyo adabu ya jengo hupimwa na linavyokaa kati ya majirani zake.

Kukaa huko kunaonekana vizuri zaidi kwenye duka. Chukua nyumba ya duka ya Kihindi, ya aina iliyojaa barabara za Hurumzi, Gizenga na Mkunazini. Kiwanja ni chembamba na kirefu. Chini, upande wa barabarani, hakuna ukuta: kuna vibao vya mbao vinavyokunjwa au kuondolewa asubuhi, na duka zima likawa wazi mbele ya mpita njia. Mwenye duka hukaa juu kidogo ya barabara, bidhaa zikiwa zimemzunguka, hivyo muuzaji na mnunuzi huonana bila mmoja kuingia kwa mwenzake. Nyuma ya duka kuna stoo, na kando yake ngazi yenye mwinuko mkali. Ngazi hiyo inapanda hadi makazi ya familia, na juu yake kuna roshani ya mbao inayoning'inia barabarani, ambako mama mwenye nyumba huweza kuteremsha kikapu kwa kamba ili apakiwe mboga. Jioni vibao vinarudishwa, komeo linatiwa, na taa zinawaka juu. Biashara imefungwa, mtaa haujafungwa.

Muundo huu umebeba karibu kila jibu ambalo msanifu wa leo analitafuta. Fremu ndogo nyingi zinazotazama barabara hutoa nafasi kwa fundi saa, muuza kahawa na muuza kanga, watu ambao hawawezi kulipa kilemba cha duka kubwa. Makazi ya juu huleta macho ya usiku, na mtaa wenye macho una usalama ambao hakuna kampuni ya ulinzi inayoweza kuuuza. Kiwanja chembamba hulazimisha mlango mpya kila baada ya hatua chache.

Jengo la kisasa la maduka hufanya kinyume chake karibu katika kila jambo. Huunganisha viwanja vitano au sita kuwa kimoja. Huweka mlango mkuu mmoja, na pembeni hubaki kuta ndefu zisizo na kitu ila vyuma vya viyoyozi vinavyopuliza joto na kudondosha maji kichochoroni. Maduka hutazamana ndani, yakiupa mji mgongo. Saa ya kufunga ikifika, jengo zima huzimika, na kipande kirefu cha mtaa huwa kiza. Hata likibandikwa milango ya nakshi kumi, mtaa tayari umekufa.

Mfano uliojadiliwa kuliko yote uko Shangani, ufukweni. Mambo Msiige ni jumba la katikati ya karne ya 19 ambalo baadaye lilitumiwa na wamisionari, kisha na ubalozi mdogo wa Uingereza, na hatimaye likawa ofisi za serikali. Lilipokodishwa kwa mwekezaji ili liwe hoteli, mradi haukuishia kwenye kulifufua jumba lenyewe. Ulichukua pia uwanja wa wazi uliokuwa kando yake, mahali ambapo mji ulifunguka kuelekea baharini, na pakajengwa jengo jipya. Hoteli ya Park Hyatt ilifunguliwa hapo mwaka 2015 ikiwa na vyumba 67 katika majengo mawili, la kale na jipya.

Kabla ya kufunguliwa, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikuwa imeonyesha wasiwasi wake zaidi ya mara moja, na wataalamu wakatumwa Zanzibar kuutazama mradi. Kilichowasumbua kilikuwa ukubwa wa jengo jipya, kimo chake mbele ya bahari, na taratibu za kulikubali kabla ya tathmini kamili ya athari zake kwa urithi. Mambo Msiige lenyewe limeokolewa. Lingeachwa katika hali iliyokuwa nayo, huenda leo lingekuwa kifusi, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini uwanja wa wazi haurudi. Katika mji wenye vichochoro vya upana wa mikono miwili, uwanja wa baharini ni kitu cha thamani kubwa kuliko ghorofa lolote. Hapo watoto hucheza mpira, wavuvi huvuta ngalawa, na upepo wa kusi huingia mitaani. Mwekezaji aliona kiwanja kisicho na jengo, na waliompa kibali hawakuuhesabu ule uwazi kama sehemu ya usanifu wa mji.

Jirani tu, kwenye uwanja wa Kelele, kuna njia nyingine. Hoteli ya Serena ilifunguliwa mwaka 1997 ndani ya majengo ya kale, likiwemo lile lililokuwa la kampuni ya simu za nyaya, kazi ambayo ilianza Zanzibar waya wa chini ya bahari ulipofika mwaka 1879. Zahanati ya Tharia Topan nayo ilifufuliwa katika miaka ya 1990 na kupewa matumizi mapya. Kulitumia upya jengo lililopo karibu kila mara huwa bora kuliko kujenga. Ila kuna mipaka yake. Hoteli inataka vyumba vinavyofanana, bafu kwenye kila chumba, ngazi za dharura, lifti. Nyumba ya boriti inatoa vyumba vya mita tatu na ngazi ya mawe inayopinda. Kila nyumba inayogeuzwa hoteli pia ni nyumba iliyopoteza wakazi, na mitaa ya Mji Mkongwe ambayo leo ina wageni watupu inazidi kuongezeka. Kwa sababu hiyo jengo jipya lenye kusanifiwa vizuri, kwenye kiwanja kitupu, linaweza kuwa na faida kuliko kuwahamisha watu wa nyumba nyingine tatu.

Viwanja vitupu vipo. Vingi ni maghofu ya nyumba zilizoanguka. Hapo ndipo suala linapogeuka kuwa la udongo na chokaa, mambo ambayo kwenye picha za rangi za mradi hayaonekani.

Ukuta wa kale wa Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Unapumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini na hutoka nje kupitia lipu ya chokaa, na chokaa ikichakaa hupakwa nyingine. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya masika machache lipu hufumuka vipande vipande ikiwa imeng'ang'ania mawe. Mara nyingi misingi ya nyumba hizi ni mifupi, na nyumba nyingine husimama kwa sababu jirani ameiegemea. Anayechimba msingi wa zege katikati ya nyumba mbili za aina hiyo, akatia pampu na mtambo wa kushindilia, anaweza kuangusha kile alichokuja kukaa nacho. Kabla ya mchoro wa sura ya mbele, faili la kibali lingepaswa kuonyesha kuta za majirani zitategemezwa vipi wakati wa kuchimba, maji ya mvua kutoka bapa la juu yatashukia wapi, na ni nani atakayekuja kukagua kila hatua.

Ukaguzi si jambo la karatasi. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililofika ghorofa 16 liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, katika eneo ambalo lilikuwa la nyumba za maduka za Wahindi. Watu 36 walikufa. Lilikuwa limepewa kibali cha ghorofa chache kuliko hizo. Katikati ya Dar es Salaam nyumba nyingi za ghorofa moja au mbili zenye fremu chini zimebomolewa na nafasi zao kuchukuliwa na minara, kiwanja baada ya kiwanja, bila mtaa wowote kuwahi kuulizwa unataka kuwa nini. Zanzibar nayo ina kidonda chake. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati wa ukarabati uliokuwa ukigharamiwa na Oman, na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilikuwa limeshaonya, kwani kipande chake kilianguka miaka minane kabla. Nchi isiyoweza kulisimamia jumba lake kubwa kuliko yote inapaswa kuwa na hadhari mara mbili inapotoa kibali cha kuchimba kando ya nyumba za watu wa kawaida.

Kaskazini mwa pwani hali si tofauti sana. Lamu, iliyoingia kwenye orodha mwaka 2001, ilipata mpango wake wa uhifadhi miaka ya 1980, naye Siravo akiwa mmoja wa walioufanyia kazi. Barabara yake kuu, Usita wa Mui, ina maduka pande zote na upana wa kutosha kupishana punda waliobeba mizigo. Mbele ya bahari kuna majengo yenye veranda yaliyojengwa baadaye, karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, kwenye ardhi iliyoongezwa kwa kusogeza ufuo. Yalikuwa mapya, ya kibiashara, na tofauti na nyumba za mawe za nyuma yake. Lakini yalifuata kimo cha mji na yakatoa kivuli kwa kila mpita njia. Ni mfano mzuri kuliko wowote wa mgeni aliyejua kuingia. Mombasa haikubahatika hivyo. Ndia Kuu imebaki na roshani zake nyingi, ila kuelekea Kibokoni nyumba za kale zimeinuka kuwa maghorofa ya zege.

Wengine hudhani kuondolewa kwenye orodha ya UNESCO ni tishio la maneno. Oman ilipoteza hadhi hiyo kwa hifadhi yake ya choroa mwaka 2007. Dresden, Ujerumani, ilifuata mwaka 2009 kwa sababu ya daraja moja juu ya mto Elbe. Liverpool iliondolewa mwaka 2021 kutokana na majengo mapya ya bandarini. Miji hiyo miwili ya Ulaya ni tajiri, inaweza kuishi bila cheti. Zanzibar inaishi kwa wageni wanaokuja kuuona mji, na kwa hiyo hesabu yake ni ngumu zaidi.

Basi mizigo mikubwa ipelekwe wapi? Jibu la Zanzibar limekuwepo siku zote, ng'ambo ya barabara. Ule mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo umefukiwa, na juu yake sasa kuna barabara pana; kando yake liko soko la Darajani, ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1904. Ng'ambo ndiko wakazi wengi wa mji wanakoishi, na Michenzani, penye majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, tayari pamekuwa kitovu kingine. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar umejenga hapo Michenzani Mall. Mtu akitaka duka kubwa la vyakula, maegesho na ngazi za umeme, hapo pana barabara za kuyabeba. Magari ya mizigo hayapindi kona za Kiponda; bidhaa huingia kwa mkokoteni na hamali, na jengo linalohitaji malori matano kila asubuhi limekosa mahali hata kabla ya kuchorwa. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioanza katikati ya miaka ya 2010, ulijaribu kuutazama mji kama kitu kimoja badala ya kito kimoja kilichozungukwa na vurugu. Darajani, mpaka wa pande hizo mbili, ndipo majengo makubwa kiasi ya biashara yanapoweza kufaa, mradi yawe na kivuli cha kutembelea chini yake na yasiuzibe Mji Mkongwe kama ukuta wa gereza.

Ndani ya mji wenyewe, kinachobaki ni jengo dogo. Mchoro wake si mgumu kuuwazia: kiwanja kimoja cha gofu, fremu mbili au tatu zinazofunguka kwa mbao kuelekea mtaani, baraza mbele, ua katikati wa kuvuta hewa ili viyoyozi vipungue, kimo kisichozidi cha majirani, na ghorofa za juu za kupangishwa kwa familia. Nguzo zake zinaweza kuwa za zege au chuma, kama zile za Barghash. Madirisha yanaweza kuwa ya mtindo wa leo, ilimradi yawe na mbao za kuzuia jua la magharibi, kwani ukuta wa kioo unaotazama bahari ya Shangani saa kumi jioni ni tanuri.

Tatizo ni kwamba jengo la namna hiyo halimtajirishi mtu haraka. Mwekezaji anayekopa benki anataka vyumba 60, si fremu tatu. Hapa wenye nguvu kubwa ni wamiliki wawili ambao mara nyingi husahaulika kwenye mjadala: Serikali, iliyozichukua nyumba nyingi baada ya mwaka 1964, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, yenye nyumba na viwanja vilivyowekwa wakfu na watu wa zamani kwa manufaa ya misikiti na wahitaji. Hawa hawahitaji kurudisha mtaji ndani ya miaka mitano. Wanaweza kukodisha kiwanja cha gofu kwa muda mrefu na kwa bei nafuu, wakaandika ndani ya mkataba kimo, idadi ya fremu na idadi ya nyumba za kuishi, wakakataza viwanja kuunganishwa, na wakaelekeza kodi ya pango la chini kwenye lipu ya chokaa ya ukuta wa jirani.